Mlango wa gereji ya nyumbani unasumbua: dalili, chanzo, na wakati wa kumwita fundi

"Mota imekufa." Hiyo ndiyo kauli ya kwanza mlango wa gereji unapogoma, na mara nyingi si kweli. Mlango wa paneli, ule unaopanda kwa reli na kwenda kulala chini ya dari, huwa na kilo 60 au 70 ukiwa wa gari moja, na unaweza kupita kilo 150 ukiwa wa magari mawili au wa mbao. Mota ya nyumbani haikutengenezwa kubeba uzito huo. Wabebaji ni springi. Mlango ukiwa chini, springi zimekazwa kabisa. Unapopanda, zinalegea na kuuinua. Zikiwa sawa, mtu mzima huufungua kwa mkono mmoja, na kazi ya mota ni kusukuma kitu ambacho tayari ni chepesi.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila dalili ni hili: ubovu uko kwenye mlango au kwenye mota? Ukilijibu hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Springi hizohizo ndizo hatari yenyewe. Nguvu ya kuinua mlango mzima imefungiwa ndani yake, na ikiachiwa vibaya inatoka yote kwa mpigo mmoja. Watu wamevunjika mikono, wamepoteza vidole, wengine wamekufa. Basi kuna vitu ambavyo mwenye nyumba anaviangalia kwa macho tu: springi, shafti inayozibeba, puli za pembeni ambako kebo za chuma hujiviringisha, kebo zenyewe, na vishikizo vya chini kabisa mlangoni ambako kebo hizo zimefungwa. Vishikizo ndivyo vinavyowaponza wengi, maana vinaonekana kama vipande vya bati vyenye skrubu chache. Kwenye baadhi ya milango bolti zake hupakwa rangi nyekundu. Iwe na rangi au isiwe nayo, usizilegeze.

Anza kwa macho, kisha kamba nyekundu

Funga mlango, chomoa plagi ya mota kwenye soketi, na watoto wasiwe karibu. Simama ndani, uwe na tochi.

Tazama springi kwanza. Kuna za aina mbili: zile zinazojinyonga kwenye shafti juu ya mlango, na zile zinazovutika, zilizolala sambamba na reli za juu kila upande. Springi ya kwenye shafti ikikatika huacha pengo la wazi la sentimita kadhaa kati ya mizunguko yake. Ukiona pengo hilo, uchunguzi wako umeishia hapo. Soma sehemu ya mwisho. Springi za kuvutika zinapaswa kuwa na kebo nyembamba ya usalama iliyopita katikati yake, ili zikikatika zisiruke gerejini. Kama haipo, hilo ni jambo la kumwambia fundi hata kama mlango unafanya kazi vizuri.

Fuata kebo kwa tochi toka chini hadi juu. Nyuzi zilizochomoza, kutu, au sehemu iliyobonyea karibu na kishikizo cha chini, zote ni dalili kwamba itakatika. Usizipapase kwa kidole.

Kama vyote viko salama, vuta kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli ya mota. Inautenganisha mlango na mota. Ivute mlango ukiwa umefungwa tu. Ukiivuta mlango ukiwa juu na springi ina hitilafu ambayo hukuiona, mlango wote unaporomoka.

Sasa uinue kwa mikono miwili. Shika kishikio, usishike kwenye maungio ya paneli, kwa sababu paneli zinapojikunja hukata vidole. Upandishe hadi nusu, kiasi cha kiuno, kisha punguza nguvu ya mikono polepole bila kuuachia kabisa. Mlango uliosawazishwa unabaki pale, au unasogea kidogo sana. Ukitaka kushuka, springi zimechoka. Ukijipandisha wenyewe, springi zimekazwa kupita kiasi. Ukikwama mahali palepale kila mara, tatizo ni reli au kigurudumu. Na ukipanda na kushuka vizuri kabisa, mlango hauna kosa: tafuta kwenye mota, umeme au macho ya sensa.

Jaribio hili linachukua dakika mbili na linajibu mengi kuliko kifaa chochote utakachonunua.

Mlango unashuka, kisha unarudi juu

Hili ndilo lalamiko linalojirudia kuliko yote, na chanzo chake hutofautiana kulingana na mahali mlango unapogeukia.

*Unageuka mara tu unapoanza kushuka, au haushuki kabisa, na taa ya mota inapepesa.* Karibu kila mara ni macho ya sensa, vile visanduku viwili vidogo vilivyofungwa kila upande wa mlango, si zaidi ya sentimita 15 hivi kutoka sakafuni. Kimoja kinatuma mwale, kingine kinaupokea. Mwale ukikatwa, mota inaamini kuna mtu chini. Kagua kwa mpangilio huu:

- Kitu kimewekwa mbele yake: ndoo, fagio, jani, utando wa buibui.
- Lenzi ina vumbi. Ifute kwa kitambaa laini kikavu.
- Jicho moja limegongwa na halitazamani tena na mwenzake. Kila jicho lina taa ndogo. Ikiwa imezimika au inachezacheza, lisogeze taratibu hadi taa itulie, kisha kaza nati yake.
- Jua linapiga moja kwa moja kwenye jicho linalopokea. Dalili yake ni kwamba mlango unagoma saa fulani tu za asubuhi au jioni. Weka kikinga jua kidogo juu ya jicho, au hamisha lile linalopokea liende upande wenye kivuli.
- Waya umeng'atwa na panya, umechubuliwa na pini ya ukutani au umelegea nyuma ya mota.

Mota nyingi zitaufunga mlango ukishikilia swichi ya ukutani bila kuiachia hadi mlango ufike chini, hata macho yakiwa na hitilafu. Ni njia ya dharura ya kufunga usiku huo, tena ukiwa umesimama unatazama upenyo wote. Usiifanye mazoea, na usiyafunge macho hayo pamoja juu ya mota yatazamane ili mlango "ukubali". Nchini Marekani kila mota ya gereji ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia 1 Januari 1993 inatakiwa kuwa na kinga ya aina hii, na sheria hiyo ilikuja baada ya watoto kunaswa na milango iliyoshuka bila kusita.

*Unagusa sakafu, kisha unarudi juu.* Kikomo cha chini, yaani mahali mota imepangiwa kusimama inaposhusha mlango, kimewekwa mbali mno: mota inaendelea kusukuma baada ya mlango kufika, inahisi ukinzani, inadhani imembana mtu. Angalia kwanza kama kuna jiwe au raba ya chini iliyojikunja. Kama hakuna, punguza kikomo kidogo kidogo kwa kufuata kitabu cha mota, ukijaribu kila baada ya hatua. Mota za zamani zina skrubu mbili za kugeuza kwa bisibisi. Mpya zina vitufe.

*Unageuka katikati ya njia.* Kuna msuguano. Vigurudumu vimeisha, reli imebonyea, bawaba imepinda, au mlango wa mbao umevimba kwa unyevu. Jaribio la kamba nyekundu litakuonyesha mahali penyewe.

Hapa kuna kosa ambalo ningependa kila mwenye gereji alikwepe. Mota ina marekebisho ya nguvu, na kuyapandisha kunaonekana kuwa dawa ya haraka: mlango unaacha kugeuka na mwenye nyumba anafurahi. Lakini alichofanya ni kuiambia mota isukume zaidi kabla haijakubali kwamba kuna kitu njiani, na kitu hicho siku nyingine ni mguu wa mtoto. Ondoa msuguano kwanza. Kama mlango ni mwepesi mkononi na bado unageuka, hapo ndipo nguvu hurekebishwa, kwa kiasi kidogo, na majaribio yaliyoelezwa mbele yafanywe siku hiyohiyo.

Mota inaunguruma, mlango hausogei

Chanzo cha kawaida hakihitaji hata spana. Mtu amevuta kamba nyekundu na toroli ya mota, kile kipande kinachouvuta mlango, inatembea peke yake kwenye reli yake, au komeo la mkono la mlango limefungwa na mota inapambana nalo. Fungua komeo. Kama ni toroli, rudisha mtego wake kama kitabu kinavyoelekeza, kisha endesha mota hadi usikie mlio wa kunasa.

Kama si hayo, chomoa plagi na urudie jaribio la uzito. Mlango mzito maana yake springi imekatika au imechoka, na mota inaunguruma kwa sababu imepewa mzigo usio wake. Usiendelee kubonyeza. Kila mbonyezo unakula meno ya gia, na utajikuta unalipia springi na mota kwa pamoja.

Mlango mwepesi na mota inayozunguka bila kuvuta: mnyororo au mkanda umekatika, au gia ya plastiki ndani ya mota imeisha. Ukiona unga mweupe au vipande vidogo vya plastiki chini ya mota, ni gia. Mota inayounguruma bila kuzunguka kabisa huenda ina kapasita mbovu, kile kifaa kinachoipa msukumo wa kuanza kuzunguka. Kapasita hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, kwa hiyo ifunguliwe na mtu mwenye ujuzi wa umeme. Na kama mota ilikuwa imetumika mfululizo kisha ikanyamaza, iache ipoe nusu saa kabla ya kuhukumu. Nyingi zina swichi ya joto inayojizima na kujirudisha yenyewe.

Kishindo kikubwa, halafu mlango haupandi

Watu husema walidhani kitu kimelipuka gerejini. Ni springi imekatika, na mara nyingi hukatika mlango ukiwa umefungwa na hakuna mtu karibu, kwa kuwa hapo ndipo imekazwa zaidi. Hakuna cha kuchunguza zaidi na hakuna cha kujaribu.

Inasaidia kujua ni kwa nini. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko kama 10,000, mzunguko mmoja ukiwa kufungua na kufunga. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku inaimaliza idadi hiyo kwa siku 2,500, yaani miaka isiyofika saba. Kutu huifupisha zaidi. Pia mlango ulioongezewa uzito baada ya kusimikwa, kwa rangi nzito, vioo au tabaka la kuzuia joto, hauendani tena na springi zake, na springi hizo huchoka mapema.

Mlango umekaa upande

Upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au kigurudumu kimetoka kwenye reli. Kebo imeruka kwenye puli yake au imekatika, springi moja kati ya mbili imekatika, ama gari liliugonga mlango.

Acha. Usiubonyeze "ujaribu kujinyoosha", wala usiugonge kwa nyundo urudi kwenye reli. Mlango uliokaa upande unashikiliwa na kebo moja yenye mvutano wote, na hujui ni kitu gani kingine kinauzuia usianguke. Chomoa plagi, ondoa watu, mwite fundi.

Kelele

Kelele ni dalili ya kirafiki kuliko zote, kwa kuwa hutoa taarifa mapema na kazi nyingi unaifanya mwenyewe.

Mlio wa kukwaruza au kulialia ni ukavu. Pulizia kilainishi cha silikoni au grisi nyepesi ya lithiamu kwenye bawaba, kwenye beringi za vigurudumu na juu ya springi, mlango ukiwa umefungwa na plagi nje. Kupulizia springi ukiwa umesimama pembeni hakuna madhara. Kuigusa ndiyo tatizo. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Dawa ya kulegeza kutu si kilainishi, huosha grisi iliyokuwepo na baada ya muda mfupi kelele hurudi. Reli usizipake kitu: grisi hukusanya vumbi na kuwa gundi. Zifute tu kwa kitambaa.

Mtikisiko na kugongagonga kwa kawaida ni nati zilizolegea. Kaza za bawaba na za vishikilia reli ukutani na darini, kwa kiasi, bila kuzilazimisha. Unajua tayari zipi huzigusi. Ongeza kwenye orodha hiyo bolti za bamba la katikati lililobeba springi juu ya mlango.

Kelele ya kusaga inayopita kama kigurudumu kinavyopita ni kigurudumu kilichoisha. Fundi akibadilisha, vya nailoni huwa kimya kuliko vya chuma. Mnyororo unaochapa reli ya mota umelegea na hukazwa kwa nati zake, ukibaki na ulegevu mdogo.

Rimoti haifanyi kazi

Linganisha na swichi ya ukutani. Zote zimekufa: ni umeme, chomeka taa kwenye soketi ileile na uangalie kikata umeme. Swichi inafanya kazi na rimoti haifanyi: badilisha betri, kisha angalia kama kitufe cha kufungia rimoti kimebonyezwa kwenye swichi ya ukutani, jambo linalosahaulika sana baada ya safari. Rimoti inayofanya kazi kwa karibu tu: waya wa antena wa mota umekunjwa au umekatika, au balbu ya LED ndani ya mota inaingilia mawimbi. Toa balbu ujaribu. Swichi ndiyo haifanyi na rimoti inafanya: fuata waya wake.

Unafunguka wenyewe

Kitufe cha rimoti kimebanwa na funguo mfukoni au kimekwama, au waya wa swichi umechubuka na kugusana. Kama umehamia nyumba yenye mota ya zamani, huenda rimoti za waliotangulia bado zinakubalika. Futa kumbukumbu yote ya mota na uziingize upya rimoti zako tu. Mpaka ujue chanzo, chomoa plagi usiku na utumie komeo.

Majaribio mawili ya kila mwezi

Fanya haya hata kama huna lalamiko.

La kwanza: mlango ukiwa wazi, laza kipande cha ubao wenye unene kama sentimita 4 sakafuni, katikati ya upenyo. Funga kwa mota. Mlango ukigusa ubao unapaswa kugeuka ndani ya sekunde mbili. Ukisimama juu ya ubao na kuendelea kuukandamiza, umeshindwa.

La pili: mlango ukiwa unashuka, pitisha mpini wa fagio mbele ya macho ya sensa. Ugeuke papo hapo. Tumia fagio, usitumie mguu wako.

Ukishindwa mojawapo na marekebisho ya kikomo au usafishaji wa macho haukusaidia, acha kuutumia kwa mota. Ufungue kwa mkono, kama ni mwepesi, hadi utengenezwe. Mota isiyo na macho ya sensa kabisa ibadilishwe. Na swichi ya ukutani iwe juu, angalau mita 1.5, mtoto mdogo asiifikie.

Kumwita fundi, na kusubiri

Ukimpigia, mwambie ulichokiona: aina ya springi, kama kuna pengo, mlango umekaa wapi, na matokeo ya jaribio la uzito. Hapo atakuja na springi inayofaa badala ya kuja kupima tu. Springi zikiwa mbili na moja imekatika, zibadilishwe zote. Ya pili imefanya mizunguko ileile. Uliza springi mpya ni ya mizunguko mingapi, kwa kuwa zipo za zaidi ya 10,000 kwa tofauti ndogo ya bei. Mtazame anachotumia kukazia springi ya shafti: ni nondo mbili za chuma zinazoingia sawasawa kwenye matundu. Akitoa bisibisi, msimamishe. Na kabla hajaondoka, afanye mbele yako jaribio la mlango kubaki nusu njia, la ubao na la fagio.

Kabla hajafika: mlango uliofungwa uache umefungwa, plagi nje, gari libaki ndani. Mlango uliokwama juu ndio wa kuogopwa. Usivute kamba nyekundu na mtu asipite chini yake. Ukiweza kufikia reli kutoka pembeni bila kuingia chini ya mlango, bana koleo la kujifunga kwenye kila reli, chini kidogo ya kigurudumu, ili mlango usiweze kuteremka. Kisha zuia upenyo kwa meza au kamba, na uwaambie wote walio nyumbani wapite mlango mwingine.